Karatasi Haina Haya

Karatasi haina haya, haya ni ya mtia sahihi. Hiyo ndiyo methali ambayo Atusaye amemrushia Lugano sasa hivi, na nyote mmecheka, kwa sababu Lugano ametia sahihi muhtasari wa kikao cha vijana bila kuusoma, kumbe humo ndani amekubali kufagia kanisa peke yake mpaka Pasaka. Mmecheka, kisha mmeniuliza kama ninajua ilikotoka. Ninajua. Haikutoka kwa wahenga wala haikutoka mbali. Ilianzia katika kata hii hii, na mwenye haya anayesemwa humo ni mimi. Ketini niwaambie ilivyoanza. Lugano, nawe kaa. Ufagio utakungoja.

Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa, kama mnavyonijua leo, lakini nilikuwa na siri. Sikujua kusoma. Baba yangu aliona msichana anatosha kuchuma chai, nami nikachuma. Ila Mungu alinipa kichwa kinachoshika maneno. Mchungaji akisoma zaburi mara mbili, mara ya tatu ninayo. Kwa hiyo nilinunua Biblia, na kila Jumatano kwenye ibada ya akina mama nilikuwa naifungua magotini, napitisha kidole juu ya mistari, na maneno yanatoka yote bila kukosea hata moja. Kurasa nilizifungua zozote tu. Akina mama walisema, "Mama Ambokile anasoma kama maji." Nami sikuwakatalia. Mtu akisifiwa kwa kitu asichokuwa nacho, siku ya kwanza hukaa kimya kwa mshangao. Kuanzia siku ya pili hukaa kimya kwa kupenda.

Ukafika uchaguzi wa madiwani. Chama chetu kilimsimamisha Gwakisa Mwandemba, kijana mpole aliyekuwa akinunua ndizi zetu na kuzipeleka mjini. Gwakisa alihitaji wakala katika kila kituo, mtu wa kukaa pale tangu asubuhi, kuangalia kura zinavyopigwa na kuhesabiwa, na mwisho kutia sahihi fomu ya matokeo. Alikuja nyumbani kwangu na kofia mkononi. Akasema kituo cha shule ya msingi ndicho chenye watu wengi kuliko vyote, na anataka hapo mtu mwaminifu anayejua kusoma vizuri. Mke wake alikuwa anasali nasi Jumatano. Ndiye aliyenitaja.

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu, "Mwanangu, mimi sijui kusoma," na angekwenda kumtafuta mwingine bila kunidharau. Nikamwambia nitakuja.

Kituo kilikuwa ndani ya darasa la tatu. Msimamizi wake alikuwa Mwalimu Mwaisaka, ambaye wengi wenu amewafundisha. Kura zilipigwa kwa amani. Alasiri kituo kikafungwa, boksi likafunguliwa, na Mwalimu akaanza kunyanyua kura moja moja, anaionyesha kwetu mawakala, anataja jina, msaidizi wake anachora ubaoni. Mimi nilikuwa nimekuja na maharage, mekundu kwa Gwakisa na meupe kwa mwenzake, nimeyafunga katika pindo za kanga. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, kila mgombea na mkono wake, na vidole vya mkono vikizunguka mara mbili, yaani kumi, nahamisha harage moja. Wakala wa chama kile kingine alikuwa na daftari na kalamu. Mimi mikono yangu ilikuwa chini ya meza, nisije nikaonekana.

Zilipokwisha, nilikuwa na maharage mekundu kumi na nane na vidole saba. Gwakisa mia na themanini na saba. Mwenzake mia na arobaini na mbili. Mwalimu akasoma hesabu kwa sauti, na ilikuwa hivyo hivyo. Moyo wangu ukaimba.

Kisha akajaza fomu. Alikuwa amechoka, tangu alfajiri hajala kitu. Akatusogezea tutie sahihi. Yule wakala mwingine akasoma, akamtupia Mwalimu jicho, akatia sahihi haraka. Nikaletewa mimi. Nilikuwa nimejifunza kuchora sahihi, herufi moja kubwa yenye mkia mrefu. Nikaikazia macho ile fomu kwa muda ambao msomaji angeikazia, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, nikachora mkia wangu. Mwalimu akasema nakala zimepungua, nipite kesho nichukue ya kwetu. Kesho yake sikupita. Ningeifanyia nini?

Maharage yale niliyapika. Ndiyo, chekeni, hapa nawaruhusu. Nilikula ushahidi wa Gwakisa kwa ndizi.

Siku ya pili matokeo ya kata yote yakatangazwa, na Gwakisa akashindwa kwa kura thelathini na moja. Alikwenda kupekua fomu za vituo vyote. Ya kituo changu ilikuwa imeandikwa yeye mia na arobaini na mbili, na mwenzake mia na themanini na saba. Namba zilikuwa zimepishana, na chini yake kulikuwa na mkia wangu.

Akaja nyumbani mbio. Aliniuliza kituoni tulipata ngapi, nikamjibu kwa hakika, mia na themanini na saba. Akaniuliza kama niliisoma fomu kabla ya kutia sahihi.

Wajukuu zangu, nimesali sana juu ya dakika ile. Nilijua kilichotokea. Nilijua namba zimepishana mezani, mbele ya macho yangu, na macho yangu hayakuona. Lakini kumjibu hivyo kungefungua na ile Biblia ya Jumatano. Nikasema, "Niliisoma. Ilikuwa sawa. Wameibadilisha baadaye."

Naye aliniamini, kwa sababu nilikuwa mzee wa kanisa.

Gwakisa akafungua kesi mahakamani kupinga matokeo. Wakili wake aliitwa Shitindi, mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Alitueleza kwamba anachoomba ni kitu kimoja. Boksi la kituo cha shule limehifadhiwa likiwa na lakiri yake. Mahakama iamuru lifunguliwe na kura zihesabiwe upya, na mambo yatajieleza yenyewe. Lakini mahakama haifungui boksi kwa manung'uniko. Inataka kwanza ushahidi unaoipa sababu, na ushahidi wote wa Gwakisa juu ya kituo kile ulikuwa mimi.

Wakili akaniandikia hati ya kiapo. Aya ya saba ilisema kwamba mimi, kwa macho yangu mwenyewe, niliisoma fomu ya matokeo, nikaona Gwakisa ana kura mia na themanini na saba, ndipo nikatia sahihi. Na kwamba fomu iliyopelekwa kwa msimamizi wa kata siyo ile. Mnaelewa maana yake? Maana yake ni kwamba Mwalimu Mwaisaka alighushi. Alipomaliza akanipa niisome. Nikamwambia nimesahau miwani nyumbani, anisomee. Akasoma. Nikamwomba arudie, eti nataka kuwa na hakika mbele za Mungu. Akarudia. Mara ya tatu nilikuwa nayo yote kichwani, nukta kwa nukta. Nikaapa, nikachora mkia.

Usiku wa kuamkia kesi nilifunga na kusali. Nilimwomba Mungu anitoe katika aibu. Sikumwomba anitoe katika uongo. Nilifikiri ni ombi moja.

Mahakamani nilikwenda na miwani ya marehemu mume wangu. Iliyafanya macho yangu yatoe machozi, lakini nilikuwa naonekana msomi. Chumba kilijaa watu wa kata nzima, nusu chama hiki, nusu chama kile. Mwalimu Mwaisaka aliketi mbele na shati lake la kwendea kanisani, mikono juu ya magoti. Hakimu alikuwa mama, mdogo kwangu kwa umri, anayeandika kila neno kwa mkono wake. Nikaapishwa nikiwa nimeishika Biblia. Wakili Shitindi akaniongoza, nikasema yangu vizuri.

Kisha akasimama wakili wa upande wa pili. Hakunikaripia hata kidogo. Aliniuliza kama hati ile ni yangu, nikasema ni yangu. Akaniomba niisomee mahakama aya ya saba. Karani akachomoa hati kwenye jalada akaniletea. Nikaishika, nikarekebisha miwani, nikaweka kidole juu ya karatasi na kukipitisha kutoka kushoto kwenda kulia, nikasoma. Sikukosea neno. Wakili mwenyewe alikuwa anafuatilia kwenye nakala yake, na akaitikia kwa kichwa kuridhika. Watu wa chama chetu wakanong'onezana kwa furaha. Nilimwona Gwakisa amefumba macho kama anayeshukuru.

Hakimu akaomba apewe hati ile aiwekee alama. Karani akamrudishia. Akachukua kalamu, akainama, kisha kalamu ikasimama hewani. Aliitazama karatasi. Akanitazama mimi. Akafunua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza.

"Mama," akasema, "hii uliyosoma sasa hivi ni hati ya nani?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

Akamwambia karani anirudishie. "Hebu nisomee mstari wa kwanza kabisa."

Nikaweka kidole. "Mimi, Tupokigwe binti Mwaikenda, mkazi wa kata ya—"

"Basi, mama. Hapo pameandikwa Simioni Kabeta."

Simioni Kabeta alikuwa wakala wetu wa kituo kingine, shahidi aliyetoa ushahidi kabla yangu. Karani alikuwa amechomoa hati yake kwa bahati mbaya. Hakuna mtu aliyenitega, na hilo limenisumbua miaka yote. Ningetegwa, ningekuwa na wa kumlaumu.

Hakimu akaiweka kalamu mezani.

"Mama, unajua kusoma?"

Nilimtafuta Gwakisa kwa macho. Miwani ilikuwa imejaa ukungu. Nikasema, "Sijui, mheshimiwa." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasema maneno hayo mbele ya mtu, na niliyasema mbele ya kata nzima.

"Na fomu ya matokeo? Umeniapia hapa kwamba uliisoma kwa macho yako."

Laiti ningenyamaza. Lakini mtu anayezama hushika hata povu. Nikasema, "Karatasi ndiyo inayosema hivyo, mheshimiwa. Siyo mimi."

Hakimu hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mama yake aliyejikwaa sokoni. Akasema, "Karatasi haina haya, mama. Haya ni ya mtia sahihi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakafuata. Hakimu akagonga meza, wakanyamaza, lakini neno lilikuwa limekwishatoka dirishani. Jioni lilikuwa sokoni, na Jumapili lilikuwa kwenye ngazi za kanisa. Walikuwa wanalisema kwa kuniiga sauti. Miaka ikapita, sauti yangu ikasahaulika, neno likabaki. Ndilo hilo mnalolitumia.

Wakili Shitindi hakukata tamaa. Alisimama akasema kwamba hata kama shahidi hajui kusoma, masikio yake ni mazima, alisikia hesabu ikitangazwa, na boksi lipo. Hakimu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo yaliniuma kuliko kile kicheko. Alisema sheria haimkatai asiyejua kusoma. Ipo sehemu maalumu chini ya hati ya kuandika kwamba muapaji amesomewa na ameelewa. Ni mstari mmoja. Mashahidi wengi wameutumia na mahakama imewaamini. Shahidi huyu angekuja kusema, "Sijui kusoma, lakini nilisikia na nilihesabu," angesikilizwa. Hakuja hivyo. Na sasa mahakama ina mdomo mmoja uliosema kweli na uongo kwa sauti ile ile, na haina namna ya kuvitenganisha.

Ombi la kufungua boksi likakataliwa. Boksi la darasa la tatu halikufunguliwa siku ile wala siku nyingine. Baada ya wiki chache shauri zima likatupwa.

Gwakisa alinisubiri nje, karibu na ukuta. Watu wake walikuwa wanamvuta waondoke. Nilitamani anitukane.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya, baba."

"Mimi mwenyewe niliacha shule darasa la nne," akasema. "Hesabu za ndizi ananifanyia mke wangu. Ungeniambia, tungecheka wote wawili." Akanisindikiza mpaka barabarani, akanitafutia gari la kurudi, yeye akapanda lingine. Hakugombea tena. Aliyekuwa diwani alifanya kazi yake kama alivyoweza, simsemi kwa ubaya. Ila mpaka leo kata hii haijui ilimchagua nani, na haijui kwa sababu yangu.

Jumatano iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama nikiwa nimeifunga Biblia, nikaungama. Wengine walilia, wengine walitazama dirishani. Nikajiuzulu uzee wa kanisa. Walinirudishia baada ya miaka sita. Na mwezi ule ule nikasikia kuna darasa la kisomo cha watu wazima, jioni, Jumanne na Ijumaa, pale pale shuleni. Nikauliza nani anafundisha. Wakaniambia Mwalimu Mwaisaka.

Nilipita mbele ya lango lile Ijumaa tatu bila kuingia. Ya nne niliingia. Alikuwa anafuta ubao. Alinitazama, akasema, "Karibu, mama, kaa mbele, macho yako hayaoni mbali," akanipa kalamu. Tulikuwa tisa, wengine wazee kuliko mimi. Tulijikunja kwenye madawati ya watoto, tunatamka ba, be, bi kama vifaranga. Nilisali kila jioni kabla ya kuingia, na sikuomba tena kutolewa katika aibu. Niliomba nipite katikati yake.

Ilinichukua mwaka na nusu. Nilipoanza kuunganisha maneno, nilikwenda kwa Gwakisa kumwomba nakala ya hukumu. Alidhani natania. Ikawa ndicho kitabu changu cha kwanza. Nilikuwa naisoma mstari mmoja kwa siku, na neno nisilolijua nalizungushia penseli. Siku moja, wenzangu walipoondoka darasani, nikabaki, nikamwambia Mwalimu nataka kumsomea kitu. Nikamsomea ukurasa wa kumi na moja, pale inaposema kwamba shahidi wa tatu alimtuhumu msimamizi wa kituo kughushi bila kuwa na msingi wowote. Nikaumaliza. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi la chaki, nikamwomba radhi.

Mwalimu aliniinua. Akaketi juu ya dawati moja, akaitazama mikono yake.

"Mama," akasema, "nami nina langu. Siku ile jioni, nilipofika nyumbani, nilihisi nimekosea mahali. Namba zilikuwa zinanizunguka kichwani. Nilisema nitakwenda kueleza. Kabla sijaenda nikasikia Mama Ambokile anasema Mwaisaka ameghushi fomu. Nina watoto, nina kazi. Nikaogopa. Mtu akikuita mwizi, huwezi tena kurudi kusema labda ulikosea. Unajitetea tu." Akafuta uso. "Ungesema zimepishana, ningekuwa wa kwanza kukubali. Nami ningemwambia hakimu alifungue boksi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kweli ilikuwa kwangu, ilikuwa kwa Mwalimu, ilikuwa ndani ya boksi, mahali patatu, na mahakama ilikuwa tayari kuipokea. Nikaja na karatasi yenye kitu kingine, nikaitia mkia wangu mrefu. Ile karatasi ipo mpaka leo kwenye jalada la mahakama. Haijawahi kuinamisha kichwa. Haijawahi kukosa usingizi. Haijawahi kupita mbele ya nyumba ya Gwakisa ikashindwa kubisha hodi. Hayo yote nimeyafanya mimi kwa niaba yake.

Karatasi haina haya, wajukuu zangu. Haya ni ya mtia sahihi.